Mama Toa, fundi anayeyavua magari mapambo, akwama kwa gari la mumewe

Saa moja na nusu asubuhi, miguu miwili imetokeza kwenye mlango wa gari dogo jeupe. Wa kushoto umekunjwa, wa kulia umenyooshwa juu ya kipande cha boksi. Kichwa cha mwenye miguu hiyo kiko chini ya dashibodi, na kutoka huko inasikika sauti ya mwanamke aliyechoka kabla siku haijaanza.

"Nani kafunga waya huu kwa tepu ya karatasi? Aje nimpe mkono wa pongezi."

Hajitokezi mtu. Mwenye gari, kinyozi aliyepata leseni mwezi uliopita na kununua gari wiki iliyopita, anajikuna kisogo na kutazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamsubiri.

Fundi anajitoa huko chini taratibu. Unaanza mkono, linafuata bega, kisha goti la kushoto. Goti la kulia analinyanyua kwa mikono yote miwili. Akishasimama anajipangusa vumbi, anamkazia macho kinyozi, na kutamka neno ambalo mtaa huu wa gereji umeshalifanya kuwa jina lake.

"Toa."

"Nitoe nini, mama?"

"Mwanangu, tukianza kuhesabu, chakula cha mchana tutakilia hapa hapa."

Kinyozi amekuja na oda yake kichwani. Anataka spika mbili za kujaza buti lote. Anataka vioo viwe vyeusi pande zote. Anataka taa za buluu chini ya bodi, na honi ya lori, ambayo ikilia kwenye kigari hiki wa kwanza kushtuka atakuwa yeye mwenyewe.

"Fungua buti," anaamuru fundi. Buti linafunguliwa. "Tairi la akiba liko wapi?"

"Nyumbani. Nimelitoa ili spika zipate nafasi."

"Kumbe kutoa unajua."

Mafundi wa jirani wanaangua kicheko. Mama Toa hacheki. Ameyaona haya jana, juzi, na mwaka juzi, na sura yake ni ya mtu anayempigia mbuzi gitaa huku akijua fika kwamba mbuzi hatacheza.

Kazi yake ni kufunga vifaa vya ziada kwenye magari: redio, taa, kamera za nyuma, kengele za wizi, vioo, vishikizo vya simu. Ameifanya kwa miaka ishirini na minane. Alianza kama muuzaji kwenye duka la vipuri, akawa anawaona mafundi wakifunga kile alichokiuza na kukifunga vibaya, hadi siku moja akamnyang'anya mmoja wao bisibisi. Hakuirudisha.

Kwa hesabu yake, kati ya watu kumi wanaomletea gari lao la kwanza, saba hutaka kitu kinachong'aa au kinachopiga kelele. Wawili hawajui wanachotaka. Mmoja huuliza kuhusu breki.

"Na huyo mmoja," anasema, "mara nyingi ameshagonga."

Ubaya wa biashara hii ni kwamba pesa iko kwa wale saba. Spika kubwa na taa za rangi humlisha fundi wiki nzima. Kubadilisha wipa hakumlipi hata chai na andazi. Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwenzake anayefunga chochote anachoombwa bila kuuliza swali, na kila Mama Toa anapotamka lile neno lake, baadhi ya wateja huvuka barabara. Yeye huwasindikiza kwa macho.

"Naudhika, kwa nini nidanganye?" anasema. "Mtu hajajua kurudi nyuma, anataka gari lishushwe hadi liguse lami. Halafu akikwama kwenye tuta ananipigia simu mimi. Yule wa ng'ambo hapigiwi."

Anamrudia kinyozi. Anamshika mkono na kumchuchumalisha mbele ya gurudumu, yeye mwenyewe akibaki amesimama kwa ajili ya goti.

"Pitisha kidole hapo ubavuni. Unahisi nini?"

"Kama... nyufa?"

"Mikunjo ya uzee. Tairi linazeeka kama mtu. Linaweza kuwa na meno yote na mwili ukawa umekwisha. Haya manne ndiyo spika zako. Sasa kaa kwenye kiti chako, nikuone unavyokaa."

Kinyozi anakaa. Kiti kimelala, mikono imenyooka hadi viwiko vimekakamaa, na macho yake yako sawa na ukingo wa juu wa usukani.

"Mbona umelala kama unasubiri mtu aje akunyoe ndevu? Inua kiti. Sogea mbele. Zaidi. Sasa niambie, kona ya mbele ya gari lako unaiona?"

"Naiona," anajibu kinyozi, na mshangao uliomo kwenye sauti yake ni wa kweli. Wiki nzima alikuwa hajaiona.

Baada ya kiti zinakuja wipa, ambazo mpira wake umekauka. Zinakuja balbu za taa za mbele, moja ikiwa nyeupe na nyingine ya njano. Unakuja mkanda wa abiria ambao kishikio chake kimesukumiwa chini ya kiti ili kisimsumbue mtu. Jeki ipo, ila mpini wake haupo. Kwa kila kimoja Mama Toa anatoa pumzi ndefu, kama mama aliyefungua mkoba wa shule wa mwanawe na kukuta ndizi ya wiki iliyopita.

Kisha anampa kinyozi mtihani anaowapa wote. Hauko kwenye kitabu chochote cha udereva.

"Mchukue mtu anayekupenda. Mkeo, mama yako, yeyote mwenye uchungu na wewe. Mweke kwenye gari, uendeshe nusu saa. Akisinzia, wewe na gari lako mko sawa. Siku hiyo njoo nikufungie hata disko."

"Na asiposinzia?"

"Asiposinzia, kuna kitu anakiogopa. Kitafute ukitengeneze. Usimwongezee muziki ili asisikie hofu yake."

Kinyozi anatafakari kidogo. Halafu anatabasamu, na mafundi wa jirani, waliokuwa wameanza kurudi kwenye kazi zao, wanageuka.

"Mama, nikuulize kwa heshima. Na lile la kijani nililoliona hapa mwezi uliopita? Lenye mapazia, na pindo hadi kwenye gia? Nasikia ni la nyumbani kwako."

Mama Toa anajipangusa vumbi ambalo ameshajipangusa.

"Kinyozi hajinyoi, mama," anaongeza. "Naongea kwa uzoefu."

Mama Toa anachukua bisibisi yake na kurudi chini ya dashibodi. Safari hii miguu yake haielezi chochote.

Gari la kijani limeegeshwa nyuma ya karakana, bampa la mbele likiwa limebonyea upande mmoja. Ni gari la mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa unamwita Pindo kwa sababu hajawahi kushona kitu akakiacha bila kukiongezea urembo pembeni. Ana miaka hamsini na minane, na hili ni gari lake la kwanza. Leseni aliipata baada ya kushindwa mara mbili kurudi nyuma.

Walikutana kupitia viti vya magari. Mama Toa, akiwa bado dukani, alimpelekea kazi ya kushona vifuniko vya viti vya mteja.

"Akaongeza maua ambayo hakuna aliyeyaomba," anakumbuka. "Nilipaswa kujua pale pale ninakoelekea. Lakini yalikuwa mazuri, nitasema uongo?"

Kwa miaka yote ya ndoa yao aliyeshika usukani ni yeye. Pindo alikaa kando, akipokea sifa za vitambaa. Mambo yamegeuka kwa sababu ya goti. Miaka ishirini na minane ya kupiga magoti kwenye saruji na kujikunja kwenye sakafu za magari imelisaga goti la kulia hadi daktari akasema halina mjadala tena, ni upasuaji. Tarehe imepangwa: Alhamisi ya wiki ijayo. Baada ya hapo, miezi mitatu hatakiwi kugusa pedali.

Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya vumbi, mbali na kituo cha basi. Kwa miguu mizima ni mwendo wa nusu saa. Kwa magongo, hata hajathubutu kukadiria. Kuna mwanamke ambaye yeye mwenyewe amemfundisha kazi, anayeweza kushika bisibisi badala yake huku yeye akiwa amekaa kwenye kiti akielekeza. Lakini lazima awepo, wateja wanamfuata yeye na ukali wake.

"Baba watoto asipoweza kunileta, nafunga," anasema. "Mwenye eneo hasubiri goti la mtu. Nikifunga miezi mitatu, nikirudi nitamkuta mtu anauza matofali hapa."

Kwa hiyo lilinunuliwa gari dogo la otomatiki, na kila mmoja katika nyumba hiyo akaliwekea alichokijua.

Pindo alijua kitambaa. Akashona mapazia ya dirisha la nyuma. Akashona kitandiko cha dashibodi chenye nyuzi zinazoning'inia, kava la usukani la mahameli laini, shada la kutundika kwenye kioo cha kati, na zulia la sakafuni, zito, jekundu, lenye pindo la dhahabu kuzunguka pande zote. Mke alipoliona alisema lile neno lake. Mume akasema wageni wakipanda watalala. Mke akasema watalala milele.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, wakiwa wanaingia hapa karakana, Pindo akiwa kwenye usukani na mkewe kando yake, Pindo alikanyaga breki. Zulia lilikuwa limejikunja na kujibana chini ya pedali. Pedali ikashuka nusu, ikagoma.

"Nilikanyaga," anasema Pindo.

"Alikanyaga zulia," anasema mkewe.

Gari halikuwa na kasi, shukrani kwa Mungu, lakini lilipita getini, likapita meza ya spana, likaenda kusimama kwenye rundo la matairi makuukuu. Hakuna aliyeumia kwa kugonga. Aliyeumia ni Mama Toa, kwa sababu njia nzima kutoka getini hadi kwenye rundo alikuwa akikanyaga kwa nguvu zake zote breki ambayo upande wa abiria haipo. Alikanyaga kwa mguu wa kulia. Goti lilivimba siku tatu.

Alipoweza kusimama, alimkumbusha mumewe methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Mbona guu lililoumia ni lako?" aliuliza Pindo.

Siku hiyo hiyo Mama Toa alilivua gari kila kitu. Zulia, mapazia, kitandiko, kava, shada, vyote alivipeleka nyumbani na kuvibwaga juu ya cherehani. Halafu akalifunga gari kile alichokijua yeye.

Pindo hajaliendesha tangu hapo.

Alasiri, mwandishi wa makala haya anamkuta nyumbani, kwenye chumba cha mbele ambacho nusu ni sebule na nusu ni kiwanda. Cherehani iko dirishani. Tepu ya kupimia iko shingoni mwake, chaki iko sikioni, na nyuma yake, kwenye kochi ambalo mgeni angekaa, limerundikwa zulia jekundu na ndugu zake wote. Mgeni anapewa ndoo iliyogeuzwa.

"Kaa hapo, samahani. Kochi lina mgonjwa," anasema, akiangalia zulia.

Amenuna, na hafichi. Anakiri kosa la zulia bila kusukumwa. Hata kitambaa kizuri, anasema, kina mahali pake, na chini ya breki si mahali pake. Usiku wa ile ajali hakula. Alikuwa akiliona goti la mkewe kila akifumba macho.

"Lakini umeliona gari alivyolifanya yeye? Umelipanda? Nenda ulipande kwanza ndipo uje uniandike mimi."

Anainua kidole kimoja baada ya kingine. Mkewe amefunga kengele za kuhisi vitu nyuma, na nyingine mbele. Amefunga kamera yenye skrini. Amebandika vioo vidogo vya duara juu ya vioo vya pembeni, hivyo kila pikipiki inakuwa mbili. Amefunga kifaa kinacholia mwendo ukizidi. Kwenye kishikizo kuna simu, na kwenye simu kuna mwanamke anayesema geuka kushoto.

"Nikirudi nyuma linalia. Nikienda mbele linalia. Nikisimama, analia yeye."

"Yeye nani?"

"Mama watoto. Hiyo ndiyo kengele kubwa kuliko zote, na haina swichi."

Mwandishi alikuja kuandika habari za breki na taa. Sasa amekalia ndoo, katikati ya ndoa ya miaka ishirini na sita, bila mkanda, na upasuaji ni wiki ijayo. Kila mtu katika habari hii ana akili timamu, anafahamu kazi yake vizuri kuliko majirani, na anampenda mwenzake. Na bado gari limekaa nyuma ya karakana likikusanya vumbi. Inakera.

Jioni, wakati wa kufunga, Pindo anafika karakana kwa miguu, ameshika mfuko. Anasema atajaribu. Mama Toa anajibu vizuri, halafu anaharibu:

"Ila uwe mwangalifu, baba watoto."

Wanaingia. Pindo kwenye usukani, mkewe kando yake, mwandishi nyuma. Gari linawashwa, na papo hapo kitu fulani kinalia kwa sababu mkanda wa mtu haujafungwa. Unafungwa. Linatoka getini, kengele ya mbele inalia kwa sababu ya nguzo ya geti. Linaingia barabarani, na mwanamke wa kwenye simu anasema geuka kushoto.

"Kulia kuna pikipiki," anasema Mama Toa.

"Naiona."

"Mbona hupunguzi?"

"Nimepunguza."

"Umepunguza kidogo. Kuna mtu anavuka. Baba watoto! Mtu!"

Mtu mwenyewe bado yuko kwenye ukingo wa barabara, anapiga gumzo na mwenzake, hana hata mpango wa kuvuka. Lakini mguu wa kulia wa Mama Toa umeshazama sakafuni, umekanyaga breki yake ya hewani, na uso wake umejikunja kwa maumivu. Kengele inalia. Simu inasema geuka kushoto. Usukani unayumba kidogo, kwa sababu dereva ameacha kutazama barabara na anatazama goti.

Pindo anawasha taa ya kuashiria, anasogea pembeni na kuzima gari. Amelifanya hilo vizuri sana, lakini hakuna anayempongeza.

Malori yanapita.

"Mama watoto," anasema polepole, akiangalia mbele. "Toa."

"Nitoe nini?"

"Hiyo kengele ya mbele, toa. Hicho kidude cha mwendo, toa. Huyo mama wa kwenye simu, njia ya kwenda nyumbani kwangu naijua, mtoe. Nyuma niachie, kurudi nyuma sijui, tusidanganyane." Anamgeukia. "Na wewe, mke wangu. Toka hapo mbele."

Mtu angetarajia ugomvi. Mama Toa ana ulimi, na hapa alikuwa na shahidi. Lakini anabaki ameishika dashibodi, ile aliyoivua kitandiko kwa mkono wake, na kinachomtoka ni sauti ya chini.

"Kila kitu nilichofunga humu," anasema, "nilifunga kwa sababu mimi naogopa. Sikukuuliza hata siku moja wewe unaogopa nini."

"Naogopa mguu wako," anasema mumewe. "Ukikanyaga hapo kwako, mimi huku nachanganyikiwa. Sijui nitazame gari la mbele au goti lako."

Mama Toa anafungua mkoba, anatoa bisibisi. Kidude cha mwendo kinatoka. Anaingiza mkono chini ya dashibodi, anachomoa waya wa kengele ya mbele, anaukunja vizuri na kuufunga kwa tepu, tepu ya waya, si ya karatasi. Anaizima simu. Kisha anamwambia mwandishi ahamie mbele, na asiseme neno.

Pindo ameshashuka. Anafungua mlango wa nyuma, na kwenye ule mfuko aliokuja nao anatoa mto. Ni wa mahameli nyekundu. Una pindo la dhahabu, ungetegemea nini? Katikati una bonde, limekatwa kwa umbo la goti lililonyooshwa.

"Umenipima lini?" anauliza mkewe.

"Miaka ishirini na sita nakushonea magauni, nikupime tena?"

Mama Toa anaupokea mto jinsi anavyopokea kila kitu kinachotaka kuingia kwenye gari. Hautazami uzuri wake. Anaugeuza. Kwa chini Pindo ameshonea kipande cha mpira mzito wa ndani ya tairi, mshono mara tatu. Anauweka kwenye kiti cha nyuma na kuuvuta kwa mkono mmoja. Anauvuta kwa miwili. Mto hausogei.

"Mpira huu umeutoa wapi?"

"Karakanani kwako. Kwenye lile rundo nililogonga."

Kwa siku nzima mwandishi amelisikia neno moja kutoka kwa mwanamke huyu, likielekezwa kwa spika, kwa vioo vyeusi, kwa honi. Sasa anakaa nyuma, ananyoosha mguu wa kulia kitini hadi goti linaingia kwenye bonde lake, anafunga mkanda, na kusema lingine.

"Huu ubaki."

Gari linarudi barabarani. Halilii. Pindo ameshika usukani mtupu, usio na mahameli, kwa mikono miwili. Kwenye makutano anasimama mapema kuliko inavyohitajika, na aliye nyuma yao anampigia honi. Hajali. Kelele za chura, anasema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kutoka kiti cha nyuma hakuna anayesema chochote, ingawa kuna mtu anavuta pumzi kwa nguvu mara mbili.

Mwandishi, akiruhusiwa hatimaye kuongea, anauliza kuhusu mipango ya baadaye. Wengine waliowahi kuulizwa swali hilo na gazeti hili walitaja duka kubwa, mashine mpya au mkopo. Mama Toa anawaza hadi wanapoiacha lami na kuingia barabara ya vumbi.

"Alhamisi ataniacha hospitali. Wakinirudisha mzima, atanichukua na kunirudisha nyumbani. Nataka kwenye safari hiyo nisinzie. Usingizi wangu mwenyewe, sitaki wa dawa zao. Nikisinzia, gari litakuwa limekamilika, na kesho yake alitundikie mapazia yake, namruhusu."

"Hata zulia?" anauliza dereva.

"Zulia liweke sebuleni."

Na kinyozi wa asubuhi? Mama Toa anasema alirudi mchana na tairi lake la akiba, na matairi mawili mapya. Mengine mawili ni mwezi ujao. Spika aliruhusiwa moja, ndogo.

Barabara ina mashimo, na Pindo anayapita moja moja. Nyuma, Mama Toa ameegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho.

"Msinitazame," anasema. "Najaribu tu."

Pindo anainua macho kwenye kioo cha kati, pale lilipokuwa shada lake, amwone.

"Baba watoto," anasema mkewe, macho bado yamefumbwa, "tazama mbele."

Anatazama mbele. Juu ya mto wenye pindo, mguu wa kulia umetulia.